Jina Lililofunikwa kwa Udongo wa Kichuguu

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyethubutu kuunyooshea kidole ukuta wa majina. Ukijisahau ukanyoosha, ilikubidi ukiume kidole hicho hicho mpaka alama za meno zibaki, la sivyo kingekauka kama kijiti. Mimi nilikiuma changu mara nyingi kuliko wenzangu wote, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma, na bado nilikuwa nasoma kwa kidole.

Ukuta wenyewe haukuwa mkubwa. Ulisimama pembeni mwa kanisa la kigango chetu, katika kijiji ambacho kutoka stesheni ya Tura ulikifikia kwa kutembea asubuhi nzima. Ulijengwa kwa matofali ya kuchoma, na upande unaotazama njia ulipigwa saruji. Hapo ndipo yalipoandikwa majina ya vijana wetu waliopanda treni Tura kwenda vita vya Kagera na hawakurudi. Katekista Fabiani aliyaandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, kwa herufi kubwa, nyingine zimelala kidogo kama mahindi baada ya upepo. Padri alipokuja kutoka parokiani aliunyunyizia maji ya baraka, watu wakaimba, wakatawanyika. Kwa wakubwa shughuli ilikuwa imekwisha. Kwetu watoto ndiyo ilikuwa imeanza. Tuliambiana kwamba wale waliozikwa mbali huja kujisoma giza likiingia, kila mmoja akitafuta jina lake, na asiyeliona huingia nyumba ya jirani.

Chini kabisa palikuwa na jina moja lisilosomeka. Lilifunikwa kwa udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaoshika kama gundi. Aliyelifunika alikuwa mama wa mwenye jina. Tulimwita Mama Salome, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Ziba. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye aliyebaki naye nyumbani, alikwenda vitani na wenzake. Waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho ng'ambo ya mto, kisha hawakumwona tena. Mama Salome alisema kwamba kutomwona mtu si kumzika. Katekista alipoliandika jina lile pamoja na mengine, Mama Salome hakugombana naye. Alikwenda kwenye kichuguu, akachukua udongo, akaukanda kwa maji na kulifunika. Mvua zikiubandua, alirudi akafunika tena. Na kila mwaka kabla ya masika aliwalipa vijana pombe ya mtama wamwezekee upya kibanda cha mwanawe kwa nyasi mpya, kibanda ambacho hakikuwa na mtu ndani.

Kwa hiyo kijiji kizima kilishindwa kujua namna ya kumtaja kijana yule. Ukisema marehemu, unamkosea mama yake. Usiposema marehemu, unawakosea wenzake waliomlilia. Watu waliona heri wasimtaje kabisa. Mimi nilifika darasa la tatu nikiwa sijawahi kulisikia jina lake likitoka kinywani mwa mtu mzima.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, mama yangu alijifungua mtoto wa kiume. Siku za mwanzo alikuwa mtulivu. Halafu akaanza kulia, na akalia kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu mzima aliyenyimwa haki yake. Alikuwa akishika ziwa, ananyonya kidogo, analiachia, analia tena mpaka uso unabadilika rangi. Walimpeleka zahanati. Mganga alimpima, akamgeuza huku na huku, akasema hana homa, akatoa dawa ya tumbo. Dawa ikaisha, kilio hakikuisha. Mama alikonda machoni petu, na maziwa yakaanza kumkauka. Baba, ambaye alikuwa kibarua wa reli, alitaka kuwapeleka hospitali ya Tabora, lakini maji yalikuwa yamekata tuta la reli na treni ilikuwa haipiti. Yeye mwenyewe alishinda huko na wenzake wakilijaza mawe.

Bibi yangu Nyanzala, mama yake baba, alisema mtoto hana ugonjwa, anadai jina lake.

Kwetu jambo hilo halikuwa geni. Mtoto huja na jina, na wazazi kazi yao ni kulitambua. Humwita majina ya watu wa ukoo waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na anapotajwa yule aliyemfuata mtoto, kilio hukoma. Bibi alimpakata akaanza na upande wa baba, akaenda nyuma mpaka kwa watu ambao hata yeye aliwasikia tu. Kisha akaja shangazi yake mama akamwita kwa majina ya upande wao. Mtoto alilia tu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza majina yakipita kama watu wanaopita njiani bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona bibi yangu akiogopa.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikatika. Bibi alimfunga mtoto mgongoni akaniambia niache kwenda shule, nimfuate. Njiani alinieleza kwa sauti ndogo kwamba wapo waliokufa bila kuzikwa na ndugu zao, na hao nao wanatafuta pa kukaa. Yeye hakujua kusoma. Mimi ningemsomea ukuta.

Katekista Fabiani alikuwa akifagia majani mbele ya kanisa. Niliogopa kwamba atatufukuza. Bibi alimweleza kila kitu bila kuficha, na katekista akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Alisema majina yale huyasoma yeye mwenyewe kila mwezi wa Novemba katika kuwaombea marehemu, na haoni dhambi ya kuyasoma siku nyingine. Akavua kofia yake, akasimama kando na ufagio wake.

Nikasoma. Saruji ilikuwa imelika, na bila kidole nisingeweza, basi niliweka kidole kwenye kila herufi. Baada ya kila jina, bibi alimwinamia mtoto akalirudia na kusema, kama ni wewe, nyonya upumzike. Mtoto alilia. Niliwasoma wote, wakiwemo wawili waliokuwa ndugu wa baba mmoja. Mwishoni nikafika kwenye udongo. Mvua ya usiku ilikuwa imeulainisha, na kwenye ukingo mmoja ilichungulia miguu ya herufi ya kwanza.

"Lipo moja bado, bibi," nilisema.

"Liache. Hilo lina mwenyewe."

Tulipogeuka, Mama Salome alikuwa amesimama njiani. Mkononi alikuwa na chungu kidogo cha udongo uliokandwa, kwa sababu kila mvua ilipopiga usiku, asubuhi alikuja kukagua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anamtazama mtoto.

Akamwuliza bibi tulikuwa tunafanya nini pale. Bibi akamwambia. Hakuomba chochote, hata kwa macho. Alisema tu kwamba mtoto ameitwa kwa majina yote ya ukoo na hakuna aliloliitikia, na kwamba mama yake sasa hana maziwa.

"Mmesoma yote?" Mama Salome akauliza.

"Yote, dada. Isipokuwa lako."

Mtoto alikuwa bado analia. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa. Akilitoa jina, na mtoto akanyamaza, basi mwanawe amekufa. Asipolitoa, atarudi nyumbani akiwa bado na mtoto wa kiume aliye safarini. Hakuna mtu pale ambaye angeweza kumlaumu.

Alikiweka chungu chini taratibu, pembeni mwa njia, kama mtu anayekusudia kukichukua tena. Akanyoosha mikono. Bibi akafungua kanga akampa mtoto. Mama Salome alimlaza kifuani akatembea naye, akaenda mpaka pembe ya kanisa, akarudi, akaenda tena. Katekista alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Mama Salome alisimama, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, na akasema, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili:

"Maganga."

Mtoto alinyamaza.

Hakunyamaza kwa kuchoka, polepole, kama watoto wanavyofanya. Alinyamaza kama mtu aliyesikia. Akafumbua macho akamtazama yule mama, na nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati la kanisa, sauti ambayo bila shaka ilikuwepo tangu tulipofika. Nywele zilinisimama. Nilimshika bibi kanga, na bibi naye alikuwa amenishika bega mpaka linauma.

Mama Salome alimwita tena, na tena. Halafu akakaa chini pale pale kwenye matope, mtoto kifuani, akapiga kilio cha msiba, kile kinachoanzia juu na kushuka taratibu, ambacho kijijini kwetu hakipigwi ila kuna aliyekufa. Mtoto hakushtuka. Alilala.

Watu walitoka mashambani na majembe yao. Mama yangu alikuja mbio, kichwa wazi, akianguka na kuinuka, kwa sababu alijua nani aliyekuwa mgonjwa na kilio kile kilimaanisha nini. Alipofika alimkuta mwanawe amelala usingizi mzito kwenye mikono ya mwanamke anayelia. Hakuelewa. Bibi akamwambia, "Si wako. Wako amelala. Ni Maganga aliyekufa." Mama yangu naye akakaa kwenye matope, akamkumbatia Mama Salome, wakalia pamoja na mtoto katikati yao.

Mikeka ilitandikwa kwa Mama Salome siku hiyo hiyo. Alinyoa nywele. Watu waliojizuia miaka yote walikuja wakalitaja jina wazi, wakasimulia kijana alivyokuwa mchekeshaji, alivyoogopa nyuki, alivyocheza ngoma mpaka alfajiri. Waislamu wa ng'ambo ya reli walikuja na mchele. Chungu cha udongo kilibaki pale njiani mpaka kikapasuka, na kibanda hakikuezekwa tena.

Mdogo wangu alibatizwa Paskali Maganga. Kwa mila yetu, aliyebeba jina amebeba na ukoo wake, kwa hiyo Mama Salome alimwita mwanangu na mama yangu hakuona wivu. Asubuhi mama yangu alimwambia, nenda ukamwamkie mama yako, na mtoto akaenda. Alikuwa na sahani yake kule, na jembe lake dogo. Aligombezwa na nyumba mbili na kusifiwa na nyumba mbili.

Mama Salome alifariki miaka michache iliyopita, akiwa kizee sana. Mdogo wangu, ambaye sasa ni fundi pikipiki huku Tabora, mtaa wa Ipuli, aliacha kazi za watu akasafiri usiku uleule. Makaburini, msimamizi alipomwita mtoto wa kiume wa marehemu aje atie udongo wa kwanza, alitoka yeye. Salome mwenyewe, dada yake wa Ziba, ndiye aliyemkabidhi jembe.

Mimi nimekuwa muuguzi wa watoto. Najua sasa kwamba wapo watoto wachanga wanaolia kwa wiki nyingi bila ugonjwa unaoonekana, na kwamba kilio hicho hukoma chenyewe, wakati mwingine kwa siku moja. Nimewaeleza akina mama wengi jambo hilo, na ni kweli. Lakini najua pia kwamba kilio kile kilikoma kwa neno moja, mbele ya macho yangu, na kwamba neno lile lilimgharimu mtu kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho. Zamani nilidhani kilichonisimamisha nywele ni mfu aliyeingia ndani ya mtoto. Siku hizi nadhani ni yule mwanamke, kutembea kwake mpaka pembe ya kanisa na kurudi, na kuchagua kwake mtoto wa jirani.

Anapoletwa kwetu mtoto anayelia bila kukoma, nafanya kazi niliyofundishwa. Napima homa, naangalia masikio, nabonyeza tumbo, nauliza ananyonyaje. Nikimaliza yote hayo na sijaona kitu, huwa namwuliza mama yake wamempa jina gani, na nani alimpa. Baadhi yao hucheka, wakidhani nataka kuwachangamsha. Wengine hutazama chini, na hapo mimi huvuta kiti nikakaa.