Karai la Cheche halitaki kuwa jeusi

Jua linaelekea kuzama Cheche anapoingia uani, miwani ya kuchomelea bado iko utosini. Hata mikono hajanawa. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anatungua karai la chuma ukutani na kuligeuzageuza kwenye mwanga.

"Bado," anasema, kisha anacheka peke yake.

Mtaani wamempa jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea mageti na madirisha. Akifika nyumbani ni mpishi: tambi za kukaanga kwa tangawizi na sosi ya soya, au wali wa kuku uliochemshwa mpaka ukalainika kama uji. Alifundishwa na mpishi kutoka Asia, katika kambi ya wajenzi wa daraja.

"Yeye hajui lugha yangu, mimi sijui yake," anakumbuka. "Nikikosea, mwiko unatua mkononi. Nilishika upesi!"

Karai alilifua mwenyewe kwa nyundo. Kwa miaka mingi alilipaka mafuta na kulichoma motoni, akalipaka tena, mpaka likawa jeusi tii. Weusi huo ndio unaozuia tambi zisigande.

Miaka kadhaa iliyopita mama mkwe wake alifiwa na mumewe, Cheche na mkewe wakamchukua aishi nao. Mama huyo hakuzoea kukaa bure, lakini kila akishika ufagio, binti yake alimnyang'anya.

"Nilikuwa kama kabati," anasema mama. "Napanguswa, nasogezwa."

Siku moja alibaki peke yake, akaliona lile karai. Masikini mkwe wangu, akawaza, anapikia masizi! Alilisugua kwa mchanga, majivu na waya wa kusugulia sufuria, mpaka likang'aa.

"Niliporudi nilidhani nimeibiwa," anasema Cheche.

Jioni hiyo tambi ziliganda zote. Mkewe, kwa njaa na hasira, akaropoka: "Mama, umeharibu kazi ya miaka!" Kulipokucha, mama alikuwa amefunga mizigo yake, tayari kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Usiku ule Cheche alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya mama huyo. "Mama yangu mzazi simkumbuki," anasema. "Nimepata mama ukubwani, halafu nimpoteze kwa sababu ya karai?"

Basi akamfuata mlangoni, akamwekea karai mikononi. "Mama, umelivua, utalivisha mwenyewe."

Mama akaangua kicheko, akatua mzigo. Lakini akaweka sharti: likirudi kuwa jeusi, anaondoka. Tangu hapo yeye ndiye anayekaanga, na Cheche anakubali kwamba tambi za mama zimezishinda zake.

Mama anapotoka kununua vitunguu, Cheche anasogea karibu na mwandishi wa habari hii na kushusha sauti. "Lilishakuwa jeusi zamani. Kila likikolea, nalipitishia waya kidogo. Naomba Mungu tuendelee hivi mpaka tuzeeke wote. Ila hilo usiandike."

Mwandishi anaahidi. Akiwa anatoka, anakutana na mama getini, vitunguu mkononi.

"Amekwambia habari za waya?"

Mwandishi anafunga daftari lake upesi.

"Andika tu, mwanangu," mama anasema, akitabasamu. "Ule wa kwanza uliisha zamani. Unadhani mwingine anauweka nani pale jikoni?"