Samaki wa Mama kwenye Meza za Wazungu

Kila ilipofika saa tano asubuhi, Wazungu jirani na nyumba alimopikia mama walifunga madirisha. Niliona kwa macho yangu, siku za likizo nilipoenda kumsaidia kumenya vitunguu. Mama alifanya kazi miaka kumi na minane kwa Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa katikati ya Likasi. Vitunguu na bizari vikishagusa mafuta, wake za mainjinia wa kiwandani walilalamika kwamba mapazia yao yananuka. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Madame, aliona haya. Akialika Mzungu, alimwagiza mama achome kuku na viazi, kisha bizari zote akazifungia kabatini kama bangi. Kwa hiyo mnisamehe: nikisikia leo kwamba Ulaya watu wanapanga foleni kula chakula cha Kihindi, nacheka, lakini si kicheko kizuri.

Madame ndiye aliyemfundisha mama bizari, ukwaju na chapati. Lakini samaki alikuwa wa mama. Kwao Madame samaki hupikwa kwa nazi, na Likasi nazi utaitoa wapi? Mama alikaanga karanga, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta, akapikia samaki wa ziwa Tshangalele kwa manjano, jira na ukwaju. Madame alipoonja aliongeza sahani ya pili. Tangu hapo nyumba ile haikula samaki wa namna nyingine.

Halafu ukaja uporaji. Walianza askari wasiolipwa mishahara, tukamalizia sisi wenyewe, majirani na waumini wa parokia moja. Duka lile lilibaki kuta tu kabla ya adhuhuri. Familia ile ikakimbilia Zambia, na kutoka huko Ubelgiji. Kabla ya kupanda gari, Madame alimshika mama mkono: "Nitakuita. Kule nako batahitaji mupishi." Kuanzia siku hiyo mama alikuwa na kazi Ulaya, walau kichwani mwake. Hatukuwa na tegemeo lingine. Mshahara wa baba kule kiwandani ulikuja ukipenda, na ulipokuja haukununua hata gunia la unga.

Posta ilikuwa imekufa. Barua ya kwanza ya Madame ililetwa na padri aliyetoka Lubumbashi. Mama hakujua kusoma, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na Kifaransa cha shuleni, basi msomaji alikuwa mimi. Nusu ya kwanza niliisoma kama ilivyoandikwa. Wamefungua mgahawa. Jumamosi Wazungu wanasimama nje kwenye mvua kungoja meza. Wanataka pilipili mpaka kamasi ziwatoke, wanashushia na bia, wanarudi tena wiki ijayo. Uingereza ndiyo usiseme, huko wanakula vyakula hivyo kama sisi tunavyokula bukari, ugali wetu.

"Bale bazungu?" mama aliuliza. "Benye balikuwa nafunga madirisha?"

"Ni beye," baba alisema. "Sasa banalipa juu ya kusikia ile arufu."

Tulicheka sote watatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu hatukucheka tena pamoja.

Nusu ya pili niliisoma kimya kwanza. Madame aliandika kwamba viza haiwezekani, kwamba wamekwishapata mpishi, kwamba Mungu atamlipa mama kwa wema wake. Ila wateja wangempenda yule samaki, je, mama angeweza kuwaandikia jinsi ya kumpika?

"Na miye?" mama alisema. "Bananiita?"

Alikuwa amekunja ncha ya kitenge chake mkononi, akiibana. Nikasema, "Banasema utume kwanza namna ya kupika samaki, ule mupishi ajifunze. Kisha batakuita. Uchunge kidogo, ungoje."

Ningependa kusema niliuficha ukweli kwa huruma. Nusu ilikuwa huruma. Nusu nyingine ilikuwa woga mtupu.

Mchana kutwa mama alisema, nami nikaandika. Hakuficha kitu. Vipimo vyake vyote vilikuwa vya kiganja, hivyo kila mara alinyoosha mkono nitazame, nami nikaandika: karanga, kiganja cha mwanamke kikijaa, jira, ijae mstari wa kati tu. Padri aliondoka na karatasi ile Jumatatu.

Mwezi wa tisa kaka yake mama, ambaye mama alimwita yaya, alikuja na baiskeli kutoka Kapolowe, amebeba unga na habari: kuna shamba, mbegu zipo, mvua haiko mbali, njooni wote. Baba alikuwa ameanza kukohoa, na suruali yake ilishikwa na kamba. Alisimama papo hapo.

"Twende, mama ya batoto. Huku kunabakia nini?"

"Na padri akileta barua," mama alijibu, "atanikuta wapi?"

Baba aliomba tena wakati wa kula. Aliomba asubuhi yake, mjomba akiwa tayari na mguu mmoja kwenye pedali. Wakati ule majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani, wanalala stesheni kungoja treni isiyokuja. Sisi tuliitwa mahali penye chakula, tukakataa. Neno moja tu langu lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, na mjomba akagawa shamba kwa watu wengine.

Baba alikufa mwezi wa pili. Watu walisema kifua. Mimi nasema njaa, kifua kilisaidia tu. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, siku nyingine sombe, majani ya mihogo, bila chumvi, na miguu yake ilivimba hadi magotini. Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za kabati letu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu vya kutosha kumzika baba.

Baada ya Pasaka padri alileta barua ya pili, na ndani yake picha: sahani nyeupe, samaki amelala katika mchuzi wa njano, pembeni kadi ya vyakula. Madame alishukuru. Wazungu wanamgombania samaki yule, hata gazeti limemwandika. Juu ya kumwita mama, hakuna neno. Mama aliweka kidole kwenye ile kadi. "Hapa banaandika nini?"

"Jina yako," nilisema.

Jumapili aliipeleka picha kanisani. Baada ya misa akina mama waliizunguka, na kiongozi wao, mwalimu mstaafu, akavaa miwani. Alisoma polepole, akasoma tena.

"Ma chère, jina yako haiko hapa. Banaandika: samaki ya nkambo yangu, vile alikuwa napika kule Inde."

Yaani samaki wa bibi yake Madame, kule India. Mama hakuitazama tena picha. Alinitazama mimi. Tulirudi nyumbani, na mlangoni akageuka.

"Na ile barua ya kwanza? Balisema bataniita?"

"Hapana, mama."

"Wakati yaya yangu alikuya na baiskeli yake, ulikuwa najua?"

"Nilikuwa najua."

Aliketi kwenye kizingiti, na nguo zake za misa.

"Baba yako alilomba tuende," alisema. "Alinilomba mara tatu."

Hakunipiga, wala hakunifukuza. Tuliishi pamoja miaka mingi, tukapika kwenye moto mmoja. Lakini hakunipa tena karatasi yoyote nimsomee. Hata hospitali ilipomwandikia ugonjwa uliokuja kumuua, aliikunja ile karatasi, akapita mbele yangu nikiwa nasahihisha madaftari ya Kifaransa ya wanafunzi wangu, akatembea mpaka kwa yule mwalimu mstaafu ili amsomee.