Maneno Aliyorudi Nayo Kaka Yangu

Siku kaka yangu alipoachiliwa kutoka gerezani nilimpeleka kula katika hoteli moja karibu na steji ya matatu ya Thika. Msichana wa kuhudumu alimuuliza atakula nini. Alimjibu kwa Sheng, kwa sauti ya mtu aliyefika kwao, na yule msichana akanigeukia mimi nimtafsirie. Kaka aliona. Akaagiza tena kwa Kiswahili cha darasani, neno moja moja.

Wazazi wetu walitoka Bungoma wakifuata kazi ya kiwanda cha nguo. Walipanga nyumba katika mtaa wa Landless, Thika, na Baba alipofariki Mama akajenga vyumba vya mabati kwenye kiploti kidogo huko huko. Kibukusu kilikuwa cha ndani ya nyumba, Kikuyu cha majirani, Kiswahili cha shule. Sheng ilikuwa ya barabarani, na hapo kaka yangu hakuwa na mpinzani. Neno jipya likitoka Nairobi asubuhi, jioni analo. Mwalimu alikuwa "odijo", polisi "sanse", baba wa mtu au mzee yeyote "mbuyu". Mtu hakuwa anaenda zake, alikuwa "anaishia". Siku moja nilimwambia Mama kwamba naishia dukani, akanizaba kofi la mdomo na kusema lugha ya wahuni ibaki huko nje ilikozaliwa.

Alikamatwa ndevu zikiwa ndiyo zinaanza kumwota. Genge la vijana lilikuwa limevamia duka moja katika mtaa jirani wa Makongeni, mwenye duka akapigwa nondo kichwani akafa. Kaka na wenzake walihukumiwa kunyongwa, na baada ya miaka mingi hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alimwapia Mama kwamba hakukanyaga duka lile, kwamba alisombwa tu kwa sababu ya marafiki. Mama alimwamini mpaka akazikwa. Mimi nilimwamini pamoja naye, maana bila hivyo nisingejua niende vipi kumtembelea. Mwishowe korti iliisikiliza hukumu yake upya ikaona ametumikia vya kutosha. Alitoka na mvi, bila meno ya mbele, na akaenda kuishi peke yake katika vile vyumba vya Mama.

Huko gerezani alikuwa amekaa na wafungwa wa maisha, watu walewale waliozeeka pamoja. Vijana wa vifungo vifupi walikuwa upande mwingine. Kwa hiyo Sheng yake haikupata mtu wa kuibadilisha. Huku nje watoto wa Landless walikuwa wameshaitupa ile yetu, wakaokota nyingine, nayo wakaitupa. Aliposimama na vijana wa bodaboda kule mtaani walimcheka bila ubaya, kama mtu anayemcheka babu aliyevaa suruali ya bugaluu. Aliniuliza maneno yetu yalikwenda wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaacha bila kujua niliyaacha lini.

Nina saiba Ruiru, si mbali na stesheni ya reli, mahali ambapo watu huja kuchapisha karatasi na kujaziwa fomu za serikali mtandaoni. Kaka alianza kuja kushinda hapo. Alikuwa na cheti. Kanisa fulani lilikuwa limewapelekea wafungwa kompyuta zilizotupwa na ofisi, mashine za kioo cheusi na maandishi ya kijani, na yeye alizisoma kwa bidii akawa ndiye anayewafundisha wenzake. Alidhani cheti hicho kitampa kazi. Siku ya kwanza aliketi mbele ya kompyuta yangu, akaweka vidole tayari, kisha akabaki anaangalia zile picha ndogo kwenye kioo kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alinitazama akauliza unaandika wapi amri.

Nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Mimi pia nilianzia hapo. Nilisomea kompyuta katika chuo kimoja cha Thika, chumba cha ghorofani chenye zulia. Tulivua viatu mlangoni, tukaingia na soksi, kwa sababu tuliambiwa vumbi litaua mashine. Kila mashine ilifunikwa kitambaa chake kilichoshonwa kwa kipimo, na asubuhi tulikivua polepole kama tunamfunua mgonjwa. Disketi tulizibeba ndani ya pakiti za maziwa zilizooshwa zikakaushwa. Mwalimu alitukataza kupumulia kioo. Hakuna mtu aliyejua mashine zile zilikuwa za kufanyia nini hasa, tulijua tu kwamba anayezijua hatalima.

Basi nilimfungulia kile kidirisha cheusi ambacho bado kimejificha ndani ya kompyuta za sasa. Aliandika amri moja, herufi tatu, akabonyeza. Orodha ya mafaili ikateremka. Alicheka, nikaliona pengo la meno yake, na tukashinda mchana ule tukikumbushana amri, yeye akisema moja, mimi nyingine. Sikumbuki siku nyingine tuliyokuwa na raha hivyo baada ya yeye kutoka. Lakini hakuna anayemwandika mtu kazi kwa sababu anajua kidirisha kile, na nadhani kufikia jioni hata yeye alikuwa ameshalijua hilo.

Nilikuwa na msaidizi pale, msichana wa chuo aliyekuwa akiweka video mtandaoni na kufuatwa na watu wengi. Alimpenda kaka yangu. Alimwita anko. Alikuwa akimuuliza kitu hiki mliita nini, na kile je, huku akishika mbavu. Siku moja akaniuliza kama anaweza kumrekodi. Nikamwambia amuulize mwenyewe, na mwenyewe alikubali upesi, akaomba kwanza aende kunyolewa.

Video ilikuwa fupi. Kaka amekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake bango la saiba, na msichana anamhoji. Anauliza baba mliitaje. "Mbuyu," anajibu. Msichana anauliza kama mbuyu si mti, na kaka anacheka. Kisha anaulizwa mtu akitaka kuondoka alisemaje. Anasema, "Naishia. Hiyo ni naenda zangu. Hata mbuyu akikasirika ndani ya nyumba unamwambia, tulia mbuyu, tunaishia."

Watu waliipenda mno. Wengine waliikata wakaweka muziki. Vijana walianza kusimama mlangoni kwangu wakimsalimia kwa maneno yake, na yeye akajinunulia kofia, akawa anatembea akiwa amenyoosha mgongo. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye amepata mahali pa kuyaweka yale aliyotoka nayo.

Mwanamke mmoja alikuja wakati wa mvua. Alikuwa wa rika langu, amevaa koti la kazi la nesi, ameshika mwavuli. Aliketi kwenye benchi la wateja, na kila nilipomuuliza nimsaidie nini alisema nihudumie wengine kwanza. Wateja walipoisha alimnyooshea kidole kaka, aliyekuwa pembeni kwenye kompyuta.

"Ni wewe wa ile video?" aliuliza.

Kaka alisimama akitabasamu, akavua kofia. Alisema ni yeye.

"Kuishia ni kwenda?"

"Eeh. Naishia, naenda."

"Si kumaliza mtu?"

"Hapana, dada. Ni kwenda tu."

Yule mwanamke aliulaza mwavuli magotini. Halafu akatueleza, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, kwamba yeye ni mtoto wa mwenye duka la Makongeni. Jioni ile alikuwa nyuma ya pazia la magunia ambako walilala, ameziba mdomo wa mdogo wake kwa mkono. Chini ya pazia aliona miguu tu ya wale vijana. Alimwona baba yake akilala kifudifudi kama alivyoamriwa, kimya, vitu vikichukuliwa. Karibu na mwisho alisikia kijana mmoja akimwambia baba yake atulie, kisha akasema neno hilo, tunaishia. Na baba yake, aliyekuwa ametulia muda wote, akainuka ghafla akamrukia aliyekuwa karibu. Ndipo nondo ikashuka.

Alisema baba yake alikuwa mtu wa kijijini. Kiswahili chenyewe kilimpa shida, Sheng hakuijua kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo, na kortini alieleza alichoelewa, kwamba walisema wanammaliza. Aliishi na hilo mpaka juzi alipoiona video kwenye simu ya mwenzake kazini, akasikia maneno yaleyale, watu wakicheka.

"Alidhani mnamuua," alisema. "Ndiyo maana aliinuka."

Nilimtazama kaka yangu nikitarajia aseme alichomwambia Mama miaka yote, kwamba hakuwepo. Kofia ilikuwa mikononi mwake, anaizungusha.

"Nimejiuliza mpaka nikazeeka kwa nini yule mzee aliinuka," alisema. "Tulikuwa tunatoka. Mlango ulikuwa wazi."

Msaidizi wangu alikuwa nyuma ya mashine ya kuchapisha. Alitoka nje kwenye mvua bila kuaga.

Yule mwanamke aliuliza ni nani aliyeyasema maneno yale. Kaka akasema ni yeye. Akauliza ni nani aliyeshika nondo. Kaka akamtaja mwenzao mmoja aliyefia gerezani kwa kifua kikuu. Alisema yeye hakumgusa mzee, alitaka tu asiogope. Akaanza kusema anaomba, na mwanamke akainua mkono.

"Sikuja kusamehe mtu. Nilikuja kuuliza neno."

Alifungua mwavuli wake akiwa bado ndani, akakumbuka, akaufunga. Mlangoni alinigeukia mimi, si yeye. Aliniambia video iondolewe. Kisha akasema bado anaishi Makongeni, karibu na barabara ya Garissa, na kwamba sasa anaujua uso, na hataki kuuona kwenye steji yake akienda kazini.

Nilimwambia msaidizi wangu aifute, akaifuta akilia. Haikusaidia. Zile zilizokatwa na kuwekewa muziki zilikuwa kwa watu tusiowajua, na kila tulipoandika kuomba ziondolewe tulijibiwa kwa vicheko. Baada ya wiki chache msichana aliacha kazi.

Mimi na kaka hatukuongea juu ya Mama kwa muda mrefu. Nilimkasirikia kwa namna ambayo hata sasa sijui kuieleza. Kuwepo kwake dukani hakukunishangaza kama nilivyodhani kungenishangaza, pengine ndani kabisa nilikuwa najua. Kilichonikaba ni kumkumbuka Mama kwenye foleni ya lango la gereza, amevaa kitambaa chake cha kanisani, akiwaambia mama wa wafungwa wengine kwamba wa kwake hakuwepo. Siku moja nilimwambia usoni kwamba nashukuru Mama alikufa mapema. Alisema naye anashukuru. Tulikuwa tunamenya viazi. Tukaendelea kumenya.

Kutoka Landless kwenda mjini Thika lazima upite Makongeni, hakuna njia nyingine ya maana. Mwanzoni alijaribu kutoka alfajiri, halafu akawa hatoki kabisa, anakula ugali na sukumawiki, mboga za uani. Nilipomkuta amekonda nilimhamisha. Vyumba vya Mama tulimpangisha mtu wa Machakos, na kaka nikamtafutia chumba huku Ruiru, upande wa machimbo ya mawe. Ndiko anakofanya kazi sasa, anachonga mawe ya kujengea maghorofa haya yanayoota kila mahali. Vumbi limemwingia kifuani, anakohoa kohozi jeupe, na daktari amemwambia aache. Haachi. Saiba hakanyagi tena. Kile cheti sijui alikiweka wapi.

Kule machimboni wanamwita Bubu. Niligundua nilipokwenda kumtafuta na jina lake halikujulikana na mtu. Mtu mmoja alinielekeza, akaniambia mzee huyo hasikii vizuri na kuongea hawezi, lakini kazi anaiweza. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, anapiga nyundo. Wenzake walikuwa wakipigiana kelele na kutaniana kwa Sheng, na yeye uso ameuinamisha kama kweli hasikii.

Jumapili huja kwangu kula. Na hivi karibuni nimeona kwamba tukiwa wawili tu anaongea Kibukusu, ambacho tangu utotoni alikuwa akikikwepa. Anakiongea vibaya, kama mtoto, anatafuta neno mpaka jasho linamtoka. Jumapili iliyopita aliniomba chumvi akiinyooshea kidole, akakosea neno, akasema kitu kingine kabisa. Nilimsogezea chumvi, sikumrekebisha.