Bomba la Kumi na Moja

Wanamwita Mama Spana. Asiyemjua atamwona mwembamba kama ufito, suruali ya marehemu mumewe kaikaza kwa kamba, adhani ni mpita njia. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa pampu ya kisima. Alipofariki, wakubwa wa maji waliahidi kuleta fundi mwingine. Fundi huyo yuko njiani hadi leo. Mama akabeba sanduku la vyuma, akaanza kazi. Waliomcheka walikunywa maji yake hivyo hivyo.

Zamani wafugaji walishuka kisimani mahindi yakishavunwa, ng'ombe wakala mabua, kila mtu na lake. Lakini mvua siku hizi haina adabu. Mwaka wa tatu huu inachungulia tu na kuondoka. Malisho ya juu yakakauka, ng'ombe wakashuka mahindi yangali mabichi. Mwaka jana kaka yake Mama Spana alizikwa kwa ugomvi wa ndoo moja. Serikali ilifika siku ya tatu, ikahesabu makaburi, ikaenda zake.

Sasa pampu ikagoma. Asubuhi ile Mama Spana akakuta wakulima na mapanga upande huu, wafugaji upande ule, mmoja na bunduki begani. Kila upande unaapa wenzao ndio walioivunja.

"Fundi, fanya haraka," akasema mwenyekiti wa wakulima. "Ukimaliza tunawafukuza hawa."

"Jaribuni," akajibu mwenye bunduki.

"Mtafukuzana mkishakunywa," akasema Mama Spana. "Nataka watu wanne. Wawili wa huku, wawili wa kule."

Mabomba ya kisima huvutwa juu na watu wanaotazamana. Mmoja akiachia, yote yanatumbukia, na kisima ndiyo kimekufa. Akampanga mwenyekiti uso kwa uso na mwenye bunduki.

"Mimi na huyu? Ng'ombe wake jana wamemaliza mahindi yangu!"

"Shika bomba, baba. Bomba halijala mahindi ya mtu. Na wewe kaka, laza hiyo bunduki, au una mkono wa tatu?"

Watu wakacheka bila kupenda. Bunduki ikalazwa kwenye nyasi.

Kwenye bomba la tano mwenyekiti akateleza. Chuma kikaporomoka. Mwenye bunduki hakuachia. Ngozi ya kiganja chake ikabaki kwenye chuma. Mwenyekiti akamtazama, akashika tena, safari hii kweli kweli.

Mabomba yote yalipotoka, Mama Spana akaonyesha kwa kidole.

"Enzi za mume wangu maji yalianzia bomba la nane, alama ya kutu hii hapa. Leo unyevu uko la kumi na moja tu, la mwisho. Pampu imenyonya mchanga, mipira yake ya kuvutia maji imelika. Hakuna aliyevunja kitu. Maji yanakimbilia chini, nyinyi mnakimbizana juu."

Akabadilisha mipira, akaongeza mabomba mawili aliyoyatunza mwaka mzima chini ya kitanda, na wale wale wanne wakayashusha. Yakatoka matope, kisha maji.

"Ndoo asubuhi, ng'ombe alasiri," akasema mwenyekiti mwenyewe. "Na wapite njia ya mawe, wasiguse shamba." Wafugaji wakakubali.

Jioni, kundi la mwisho la ng'ombe lilikuwa limeshafika mbali Mama Spana alipopaza sauti: "We kaka! Mzigo wako umeusahau kwenye nyasi!"

Akarudi mbio kuifuata bunduki yake, kiganja kimefungwa leso ya mwenyekiti.