Kuamia Kidonda

Zama za Mwingereza nilikwenda hospitalini Lindi kumjulia hali dada yangu. Kitanda cha pili alilala binti wa Rutamba, katoka kujifungua kwa kupasuliwa, mtoto wake mzima kalala ubavuni. Nesi alipoleta sindano ya penisilini, mama wa binti akamdaka mkono.

"Mwanangu hana homa, hana usaha. Unamchoma kwa lipi?"

"Mama, mpungani kwenu mnaanza lini kuamia ndege?"

"Kabla hawajatua. Ukingoja watue, utavuna makapi."

"Basi nami nafukuza usaha kabla haujatua."

Mama akauachia mkono. Sindano ilipoingia, akapiga makofi kama yuko juu ya dungu shambani: "Hooo! Hooo!" Binti akacheka huku kaushika mshono.

Siku hizi sindano hiyo huchomwa kimyakimya, na vidonda hupona vilevile. Ila mimi nikiingia wodini, masikio yangu bado humngoja mfukuza ndege.