Nyanya Zilizokuwa Katikati Yetu

Ipo asubuhi moja ambayo hunijia, mwanangu, kila ninapoona mtu ameinama bustanini na kopo la maji mkononi. Nilikuwa bibi harusi wa juzi juzi, nimeletwa Kawetele kutoka kwetu, na sikuelewa kinachoendelea nyuma ya jiko langu mwenyewe. Nyanya zangu zilikuwa zinakufa. Kila nilipozidisha kuzitunza, zilizidi kufa. Nilifika mahali nikawa sijui niombe nini, maana hata kuomba kunahitaji mtu ajue walau shida yake inaitwaje.

Nikueleze taratibu, maana mambo haya yalinichanganya mimi niliyekuwepo, sembuse wewe unayesoma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Mume wangu Lusajo alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha chai, kiwanda kikapata wamiliki wapya, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Akabaki kupanda mlimani kwenda Isongole kuchimba viazi vya watu, kibarua ambacho leo kipo na kesho hakipo. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na sisi tukawa watu wa kuvitazama na kuendelea na safari. Jioni moja Lusajo akaniambia vijana wenzake wanakwenda Chunya kuchimba dhahabu, na wamemwachia nafasi.

Nilikuwa nawajua waliokwenda Chunya. Wapo waliorudi na redio begani. Na yupo mama mmoja tuliyeimba naye kwaya, ambaye mumewe alikwenda kwa miezi michache, na mama yule akazeeka akisubiri. Lusajo akasema maneno ambayo niliyabeba moyoni kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

"Nyanya zako zikikubali, nitabaki tulime pamoja. Zikikataa, nikishashiriki Meza ya Bwana Jumapili ile ya mwisho wa mwezi, Jumatatu naondoka."

Basi unaona kwamba zile hazikuwa nyanya za mchuzi tu.

Nilizipanda wakati wa joto makusudi. Huku kwetu Rungwe mvua ni nyingi na ukungu hautuachi, na nyanya za masika huungua majani kabla hazijazaa. Nikawaza kwamba miezi ile mikavu, kabla mvua hazijaanza, nyanya zitaepuka ugonjwa wa ukungu, na sokoni zitakuwa adimu. Wazo lilikuwa zuri. Miche ilishika, ikafungwa kwenye vijiti, ikaanza kutoa maua ya njano, nami nikaanza kupika ugali huku naimba.

Halafu jua likawa kali, jua ambalo wazee walisema hawalijui. Mchana nikirudi kutoka shamba la mahindi nilikuta majani yamelala kama nguo iliyoloweshwa. Nikazimwagia maji. Kesho yake vilevile, nikaongeza maji. Udongo juu ulikuwa mkavu, umepasuka, mtu yeyote angesema hizi zina kiu. Nilikuwa napanda na kushuka mtoni na ndoo kichwani mpaka shingo ikaniuma, na nyanya zilikuwa zinanitazama na kunyauka. Majani ya chini yakawa ya njano. Maua yakadondoka.

Na hapo ndipo yakaanza yale mengine. Asubuhi nikitoka kufagia uwanja, nilikuta udongo wa bustani umelowa, wakati mvua haikunyesha na majani ya pembeni hayana hata umande. Nilikuta pia majani makavu ya migomba yamelala kuzunguka mashina ya nyanya. Nikasema ni upepo. Mama yangu alinilea kwamba bustani ya mke mpya lazima iwe safi kama sahani, nikayafagia yote, nikayatupa. Kesho yake yamerudi. Nikafagia. Yamerudi.

Nilipomweleza jirani yangu mama Tusekile, alivuta kanga yake vizuri akaniuliza kama kuna mtu niliyemkosea huko nilikotoka. Akasema yeye hasemi kitu, ila maji yanayokuja bila mvua hata yeye hajawahi kuyasikia. Nikarudi nyumbani miguu mizito. Nilikuwa nimefundishwa kipaimara na kusoma kidogo chuo cha Biblia, na nilijua mtoto wa Mungu haogopi uchawi, lakini kujua ni jambo moja na kulala usingizi ni jambo lingine. Mara nikawaza kwamba labda ni ishara njema, Mungu ananinyweshea. Mbona basi zinakufa? Mungu akinywesha, mmea unakufaje? Nikabaki katikati, sijui kama nishukuru au nikemee.

Nikashuka Tukuyu kuuliza. Zamani alikuwepo bwana shamba aliyepita kwa baiskeli, lakini miaka ile alikuwa haonekani tena, na kila duka lilikuwa na dawa zake. Muuzaji mmoja alinipa unga wa bluu, akasema huo ni ukungu. Wa pili akacheka unga ule, akasema ni wadudu wa mizizini. Wa tatu akaniuliza kwanza nina pesa kiasi gani, ndipo akaujua ugonjwa. Nikarudi na ule unga wa bluu, nikaunyunyiza, na nyanya hazikujali.

Unaweza kuniuliza, mwanangu, kwa nini sikuuliza watu wa nyumbani. Hapo ndipo penyewe. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye angekuwa mdomo wangu pale nyumbani, alikuwa ameshuka Kyela kumtazama binti yake aliyejifungua. Lusajo alitoka alfajiri na kurudi giza likiingia, hoi, na kila nilipotaja nyanya niliona anafunga mzigo wa Chunya machoni. Aliyebaki ni baba mkwe. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini, ng'ambo ya migomba, na Kawetele nzima ilijua kwamba mzee yule ana mkono wa mboga.

Lakini ninyi vijana mnaosalimiana na wakwe zenu kwa kushikana mikono hamwezi kuelewa. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, huneni naye. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Jina lake hulitaji, na Mungu anisamehe kama ni utoto, hata leo nimezeeka silitaji, wala hapa sitaliandika. Kanisa lilikuwa limeshatulegezea mengi, lakini hilo lilikuwa ndani ya mifupa. Nilikuwa nimekaa kwenye uwanja wa mzee yule miezi kadhaa, namjua kwa kikohozi chake tu.

Ikafika ile Jumapili. Tulishiriki Meza ya Bwana, nikaona Lusajo amekishika kikombe muda mrefu kuliko wenzake. Jumatatu niliamka mapema kuliko siku zote, hata kuku hawajashuka. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Nikajifunga kanga, nikaenda bustanini nimwambie Mungu kwamba nimeshindwa, na kwamba anisaidie nishindwe vizuri.

Nilipopinda kona ya jiko, nikamwona mtu ameinama kati ya mistari. Alikuwa na kopo la mafuta lililotobolewa matundu chini, na maji yalikuwa yanadondoka polepole kwenye shina la nyanya, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kwapani amebana majani makavu ya mgomba.

Alikohoa. Ndipo nikamjua.

Nikaanguka magoti palepale nikajifunika uso. Yeye akageuka haraka akanipa mgongo. Wote wawili tukabaki hivyo, mimi natazama ardhi, yeye anatazama mlima, na maji yanaendelea kudondoka kwenye viatu vyake. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka begi lililo nyuma ya mlango, nikabaki. Nilijiuliza maswali mengi kwa mara moja hata sikumaliza hata moja.

Mzee hakuzungumza na mimi. Alizungumza na nyanya.

"Ninyi nyanya," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za asubuhi, "kila alfajiri nawapa maji kidogo, nawafunika miguu jua lisiwachome. Mbona nikirudi nakuta mmevuliwa nguo? Kuku gani huyu anayefagia?"

Sikuwahi kusikia kwamba jambo kama hilo linaruhusiwa. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na nyanya hazijibu.

"Nyanya," nikasema chini ya kanga, "mwambieni mzee kwamba kuku huyo ni mkwewe. Alidhani ni upepo. Na mchana huwa anawaletea maji ndoo nzima nzima, maana anawaona mmelala."

Kisha nikasikia shina linang'olewa. Akaliweka nyuma yake bila kugeuka, mahali ambapo ningeweza kuliona. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama maji ya chombo kilichosahaulika. Nikaingiza kidole kwenye udongo wa mstari aliokuwa hajaufikia. Juu palikuwa pakavu, na ndani palikuwa tope.

"Haya," akaziambia nyanya. "Kumbe mlikuwa mnazama na sisi tunawaongezea maji. Mmea wenye kiu hulala mchana, na wenye mizizi iliyooza hulala vilevile. Mtu aliye peke yake atajuaje? Jua la saa saba hulaza hata mmea mzima, jioni ukasimama wenyewe. Mngekuwa na mdomo mngesema." Akaweka kopo chini. "Na sisi tuliokuwa na midomo hatukusema."

Kisha, mwanangu, sauti yake ikabadilika. Akasema polepole, "Mimi nilikuwa nawanywesha kwa sababu ya yule kijana, niliposikia kwamba mkikubali atabaki. Sitaki aende Chunya. Ndugu yangu alikwenda na sikuwahi kuoneshwa hata kaburi lake. Lakini baba anamwambiaje mwanamume aliyeoa kwamba asiende kutafuta?"

Nilianza kulia palepale. Nilikuwa nimefikiri mzigo ule ni wangu peke yangu.

Nyuma yetu mlango wa jiko ukalia. Lusajo alikuwa amesimama na begi begani, sijui kwa muda gani. Akatutazama, baba yake amegeukia mlimani, mke wake amegeukia chini.

"Tata," akamwambia baba yake, "unaongea na nyanya?"

"Zina adabu," mzee akajibu. "Zinasikiliza."

Akachukua kopo lake akashuka migombani bila kugeuka. Nilichoweza kusema kilikuwa neno moja la kwetu la shukrani, "Ndaga," nikiwa nimelielekeza kwenye nyanya, na nikasikia kile kikohozi kikijibu.

Lusajo alirudi ndani. Nilipoingia baadaye begi lilikuwa tupu, nguo zimerudi kwenye kamba. Hakueleza, wala mimi sikuuliza. Tuling'oa zilizooza. Zilizobaki hazikufika nusu. Tuliacha udongo ukauke, tukazifunika mashina kwa majani ya migomba, tukazijengea kivuli chepesi cha kukata makali ya mchana, na maji tukawa tunatoa alfajiri tu, baada ya kuingiza kidole kwenye udongo kwanza. Maua yakarudi. Mavuno hayakuwa ya kutajirisha mtu, lakini tulikula, tukauza kidogo, na kikapu cha kwanza mzee alikikuta mlangoni kwake bila kumwona aliyekileta.

Sasa nisikudanganye kwamba nyanya ndizo zilizomzuia mume wangu, maana zilikuwa zimeshakataa. Je, ni maneno ya baba yake? Au ni kuniona nimepiga magoti kwenye tope? Au alikuwa ameogopa tangu mwanzo, akawa anatafuta mtu wa kumwambia abaki? Nilikuwa nasema nitamuuliza siku moja tukiwa tumetulia. Tuliishi pamoja kwa amani, tukapata watoto, tukapata wajukuu, na siku hiyo ya kutulia sikuichagua. Sasa amelala kaburini kule upande wa juu wa migomba, karibu na baba yake. Namshukuru Mungu kwa miaka yote aliyonipa naye, na bado jioni nyingine nakaa nikijiuliza, na sijui.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Unaposhika ndoo kwenda kunywesha, ingiza kwanza kidole kwenye udongo, usiyaamini majani ya mchana. Ukikuta wema nyumbani kwako usioujua umetoka wapi, usiufagie kabla hujauliza. Watu wa nyumba moja wanaweza kupendana sana, kila mmoja kwa siri yake, wakaua kile wanachokipenda. Heshima ni nzuri, mimi nimelelewa nayo na sijaiacha. Lakini hata heshima yetu ilikuwa na kanjia kadogo ka kupitishia neno, na mzee yule alikaona. Nawe tafuta kako. Kama huwezi kumwambia mtu, iambie nyanya mtu huyo akiwa karibu anasikia. Na lile swali unalomwekea mtu wako mpaka mtakapotulia, muulize leo mkiwa bado mnachuma mboga.

Mungu aliyetupa jua na maji akupe kujua kipimo cha vyote viwili. Akupe nyumba ambamo watu wanaambiana. Na siku utakayosimama bustanini usielewe lolote, akuletee mtu wa kukohoa karibu yako, na wewe usikimbie.