Raundi Saba za Mwalimu Lai

Mwalimu Lai Kam Yoke alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Alichoshwa na ngazi za kupanda chumbani kwake juu ya duka la dawa za mitishamba, alichoshwa na mkono wa kulia uliolegea tangu kiharusi, na zaidi ya yote alichoshwa na binti yake Sook Har, aliyekuja Ipoh kila wikendi na wimbo ule ule: Mama, hamia kwangu Kuala Lumpur.

Kuhama kulimaanisha kufunga darasa. Tangu ujana wake alifundisha watoto wa mtaa kuhesabu kwa ubao wa shanga. Siku hizi walibaki wachache wa kuhurumiwa, tena wenye simu mifukoni, lakini ndio waliomtoa kitandani asubuhi. Bila wao angekuwa bibi kizee wa kulishwa uji tu.

"Tufanye hivi," alimwambia binti yake Jumamosi moja. "Nikipiga raundi saba zikatimia, unaniacha na darasa langu. Zikinishinda, nafunga virago."

"Haya, Mama. Ila usiniibie."

"Nikuibie wewe? Wewe uliyekuwa unasogeza shanga nikigeuka kupenga kamasi?"

Raundi saba kila aliyepita mikononi mwake anazijua. Unapanga moja hadi tisa kwa mfuatano, 123456789, kisha unaijumlishia namba hiyohiyo, tena na tena, mara saba. Katikati ubao unavurugika, tarakimu hazina kichwa wala miguu, na watoto huanza kulia. Mwisho wa yote namba inajipindua: 987654321. Ukikosea shanga moja tu, haipinduki ng'o.

Akaanza. Raundi ya pili jasho likamtoka. Ya nne kidole kikatetemeka. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akaendelea. Sook Har aliweka simu chini, midomo ikimcheza, akihesabu naye bila kupenda.

Baada ya raundi ya saba Mwalimu Lai aliutazama ubao. 987654312. Moja na mbili zilikuwa zimekaa kinyume.

"Basi," alisema, na machozi yakamlenga. "Mkono umekufa."

Sook Har aliinama, akapitia safu moja moja, uso ukamchangamka.

"Mama, mkono hauna shida! Hujakosea hata shanga moja. Hujaongeza tu ile tisa."

Mwalimu Lai alimkodolea macho.

"Ile tisa ya kumalizia, Mama, baada ya raundi ya saba! Si ulinifinya sikio likavimba kwa kuisahau? Mtaa mzima umefinywa kwa ajili ya hiyo tisa."

Aliitafuta kichwani. Sikio jekundu la Sook Har alilikumbuka vizuri, na kilio chake pia. Aliwakumbuka watoto wengine waliofinywa, hata majina. Tisa hakuiona popote.

"Tisa gani?" aliuliza.

Sook Har alivuta kiti, akaketi karibu na mama yake, na uchangamfu wote ukawa umemtoka usoni. Hapo Mwalimu Lai akaogopa, woga ambao hata kiharusi hakikumletea.

Giza lilipoingia, Mwalimu Lai alirudisha shanga zote mahali pake.

"Haya, nitakuja huko kwako," alisema mwishowe. "Ila watoto uwaambie ni mkono."